Wild T2: kuifufua, kuisimamisha na kuisoma teodolaiti ya Heerbrugg

Mara ya kwanza kuiona niliidhani mtungi mdogo wa gesi. Kopo la chuma, rangi ya kijani iliyochujuka, juu limeviringana kama kengele, na mikanda ya kubebea mgongoni iliyokauka hadi ikapasuka. Lilikuwa chini ya meza ya mnunuzi wa vyuma chakavu, naye alitaka kuliuza kwa kilo. Nikafungua makomeo ya pembeni, nikainua kifuniko moja kwa moja kwenda juu, na ndani yake darubini ikaonekana imesimama wima, imebanwa vizuri kwenye sahani ya chini. Ubavuni kulikuwa na maneno mawili tu: WILD HEERBRUGG.

Ilikuwa T2, aina ya teodolaiti, yaani darubini ya wapima ardhi ya kupimia pembe. Nilifundishwa kazi kwa mashine kama hii, na nimeona nyingi zikiozea stoo kwa sababu mwenye nayo hajui aanzie wapi. Mwongozo huu ni wa mtu aliyerithi T2, aliyeinunua mnadani, au mwanafunzi wa upimaji anayetaka kujua pembe hupatikanaje pale ambapo hakuna skrini ya kumwambia. Hautakufanya mpima ardhi. Kuweka bikoni za mipaka ni kazi ya mpima mwenye leseni, na majirani hawapatanishwi kwa mashine ya stoo. Lakini kwa kupima urefu wa mnara, kuchora shamba lako mwenyewe au kufundishia hesabu za pembetatu, T2 iliyo nzima bado inafanya kazi ile ile iliyoifanya miaka sitini iliyopita.

Imetoka wapi

Neno teodolaiti ni la zamani. Kwa maandishi lilionekana Uingereza mwaka 1571, katika kitabu cha Leonard Digges kilichochapishwa na mwanawe Thomas. Zikaja karne za kuongeza ukubwa: duara lenye alama za digrii likiwa kubwa, alama zake zinaachana zaidi na pembe inasomeka vizuri zaidi. Teodolaiti ya Jesse Ramsden, iliyotumika kuanzia 1787 kuunganisha vipimo vya Greenwich na Paris, ilikuwa na duara la futi 3. Ile ya William Lambton huko India ilikuwa na uzito wa karibu nusu tani. Mwaka 1808 waliipandisha juu ya hekalu la Thanjavur kwa kamba, ikagonga ukuta na duara lake likapinda. Lambton akajifungia hemani kwa wiki kadhaa, akalinyoosha kidogo kidogo kwa mkono hadi likarudi kuwa duara.

Heinrich Wild, Mswisi aliyezaliwa 1877, alikuja na wazo la kinyume. Yeye mwenyewe alikuwa mpima wa milimani. Husimuliwa kwamba mwaka 1902, juu ya Dents du Midi, alipoteza saa nyingi akirekebisha teodolaiti yake, na alipokuwa tayari kupima hali ya hewa ikachafuka, akashuka mikono mitupu. Mwaka 1908 akaenda Jena kuongoza kitengo cha vifaa vya upimaji cha Carl Zeiss, na mwaka 1921 akarudi kwao kuanzisha karakana Heerbrugg pamoja na Jacob Schmidheiny na Robert Helbling. T2 ilitoka huko katika miaka ya 1920, ikaendelea kutengenezwa, na mabadiliko ya hapa na pale, hadi miaka ya 1990. Wild mwenyewe hakukaa hapo mpaka mwisho. Katika miaka ya 1930 aliondoka, akaishia kuwabunia wapinzani, Kern wa Aarau.

Alichokifanya kinahitaji kueleweka kabla hujagusa nobu hata moja, maana ndicho kitakachokuwezesha kuisoma mashine. Hakuna duara linalokaa katikati ya mhimili wake kikamilifu. Likiwa limesogea kidogo upande mmoja, pembe unayoisoma upande huo ina kosa, na upande wa pili, digrii 180 mbele, kuna kosa la kiasi kile kile lakini la kinyume. Wapima wa zamani walilijua hilo, hivyo walisoma upande mmoja, wakaizunguka mashine, wakasoma upande wa pili, kisha wakachukua wastani. Wild alichora alama kwenye duara la kioo badala ya chuma, akapitisha mwanga kwenye pande zote mbili, akauleta kwa vipande vya kioo hadi kwenye tundu moja dogo kando ya darubini. Unapozilinganisha alama za pande mbili, wastani umekwisha kupatikana bila wewe kuandika chochote. Ndiyo maana chombo cha kilo tano hivi kinasoma hadi sekunde 1 ya pembe (digrii moja ina dakika 60, na dakika moja sekunde 60), na sekunde 1 kwa umbali wa kilomita moja ni kama milimita 5.

Kabla hujatoa hela

Nenda mchana, na uende na tochi ndogo.

Tazama kwanza kopo na sahani yake. Kopo lililobonyea si tatizo, ila kama sahani imepinda ujue mashine ilianguka ikiwa ndani. Fungua skrubu zote za kufungia, kisha izungushe sehemu ya juu kwa kidole kimoja. Inatakiwa iende laini kama siagi na isimame yenyewe bila kukwaruza. Ikiwa nzito sawasawa mzunguko mzima, mafuta ya ndani yameganda, na hilo lina dawa. Ikiwa nyepesi halafu inakwama sehemu moja, iache.

Chungulia darubini ukiielekeza angani, mbali na jua. Nchini kwetu, hasa Pwani, adui ni ukungu: nyuzinyuzi nyeupe kama utando wa buibui kwenye lenzi. Ukungu kidogo pembeni unavumilika. Ukiwa katikati ya tundu la kusomea, hata uwe mdogo, utakusumbua kila siku, kwa sababu alama za kusoma ni nyembamba kuliko utando wenyewe.

Fungua kioo kidogo cha kumulikia kilicho ubavuni, kielekeze kwenye mwanga, tazama kwenye tundu la kusomea. Alama lazima zionekane. Zungusha nobu ya kubadilishia duara: upande mmoja unasoma pembe mlalo, upande wa pili pembe wima. Wengi husahau kujaribu hii, wakafika nyumbani na mashine yenye jicho moja.

Angalia pia namba za duara. Baadhi ya T2 zimegawanywa digrii 360, nyingine sehemu 400 kwa mtindo wa baadhi ya nchi za Ulaya. Zote nzuri, ila ya 400 itakuchanganya kama vitabu vyako vyote ni vya 360.

Mwisho, omba stendi yake. Stendi za sasa zina skrubu ya inchi 5/8, na za zamani si zote zinafanana nazo. Mimi nililipa nusu ya bei kwa mashine na nusu nyingine kwa fundi wa mashine za lathe, akinichongea kipande cha kuunganisha.

Usafi, na mahali pa kukomea

Vumbi liondoe kwa brashi laini, mpya, isiyowahi kugusa rangi. Lenzi ipulizie kwanza, ndipo uifute kwa kitambaa safi cha pamba kilicholowa spiriti kidogo, kuanzia katikati kwenda nje. Ukifuta kabla ya kupuliza unasugua kioo kwa mchanga.

Skrubu tatu za kitakoni zisafishe kwa brashi na mafuta ya taa kidogo, zikauke, halafu tone moja la mafuta mepesi ya cherehani. Basi. Usimimine mafuta kwenye mhimili. Niliyoipata ilikuwa imepakwa kitu nilichoshuku kuwa mafuta ya kupikia, kikachanganyika na vumbi kikawa kama gundi. Aliyefanya hivyo alikuwa na nia njema kabisa.

Na usifungue ubavu. Ndani kuna vipande vya kioo vilivyopangwa kiwandani, ukikitoa kimoja kurudi kwake ni majaliwa. Mhimili ulioganda mpeleke kwa fundi wa vifaa vya upimaji. Hata fundi hodari wa saa simshauri, isipokuwa amewahi kufungua moja.

Kuisimamisha

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, si kwenye kusoma.

Panua miguu ya stendi mpaka kichwa chake kiwe usawa wa kifua chako, juu ya alama uliyoiweka ardhini, msumari kwenye kigingi kwa mfano. Kichwa cha stendi kiwe tambarare kwa macho. Kanyaga kila mguu uzame. Kwenye sakafu ya saruji weka kitu cha kuzuia miguu isiteleze. Nimeona mashine ikianguka taratibu kama mtu anayesinzia, huku watu watatu wakiitazama.

Toa mashine kwenye kopo kwa mikono miwili, mmoja ukishika kitako na mwingine nguzo ya pembeni, si kwa darubini. Iweke juu ya stendi na usiiachie mpaka skrubu ya stendi imekaza. Hiyo ni sheria.

Ning'iniza timazi kwenye ndoano iliyo chini ya skrubu, uisogeze mashine juu ya kichwa cha stendi mpaka ncha iwe juu ya msumari. Zile za baadaye zina kijidarubini cha kutazama chini, kinachofanya kazi ile ile bila kusumbuliwa na upepo. Usilichukulie jambo hili kirahisi. Ukikosea kukaa juu ya alama kwa milimita 5, na shabaha yako iko mita 50, pembe inaweza kukosewa sekunde 20. Hapo utakuwa umenunua mashine ya sekunde 1 na kuitumia kama ya sekunde 20, na kosa hilo mashine haitakuonyesha popote.

Sasa usawazishaji. Anza na pimamaji ya duara kwa kurefusha na kufupisha miguu ya stendi. Kisha hamia pimamaji ndefu. Izungushe sehemu ya juu hadi pimamaji hiyo ilale sambamba na skrubu mbili za kitakoni. Zishike zote mbili, uzizungushe kwa pamoja, vidole gumba vikielekeana au vikiachana. Kiputo hufuata kidole gumba cha kushoto. Kikifika katikati, zungusha mashine digrii 90, ukirekebishe kwa skrubu ya tatu peke yake. Rudia mpaka usione tofauti.

Halafu geuza mashine digrii 180. Kiputo kikibaki katikati, endelea na kazi. Kikihama, tuseme vigawanyo vinne, pimamaji yenyewe imekosea vigawanyo viwili na mhimili umeinama kiasi hicho hicho. Rudisha viwili kwa skrubu za kitakoni. Viwili vilivyobaki virudishe kwa skrubu ndogo ya kurekebishia pimamaji, au viache vilivyo na ukubali kwamba kwa mashine yako "katikati" ni vigawanyo viwili pembeni. Wazee wengi waliacha hivyo hivyo wakafanya kazi safi.

Nakaa sana kwenye kiputo kwa sababu moja. Makosa mengi ya teodolaiti hufutika ukipima mara mbili kwa kuigeuza darubini, kama utakavyoona. Kuinama kwa mhimili wima hakufutiki. Ukigeuza, unageuza kila kitu pamoja na mwinamo wake. Shabaha ikiwa usawa wa jicho lako hutaona madhara, lakini ukitazama juu kwa digrii 45, mwinamo wa sekunde 20 unaweza kuingia mzima mzima kwenye pembe yako mlalo.

Kuondoa mchezo wa macho

Elekeza darubini angani au kwenye ukuta mweupe. Zungusha kioo cha jicho mpaka mistari ya msalaba iwe myeusi na mikali. Sasa lenga shabaha, uivute hadi ionekane vizuri. Tikisa kichwa kidogo kushoto na kulia. Msalaba ukionekana kuteleza juu ya shabaha, rudia. Mwenzako akija kusoma naye arekebishe kwa jicho lake.

Usishangae dunia ikiwa kichwa chini. T2 za zamani huonyesha picha iliyopinduka, mtu amesimama kwa kichwa na mbuzi wanalisha angani. Waliipenda hivyo kwa sababu lenzi ya ziada ya kuinyoosha picha ilipunguza mwanga. Baada ya siku mbili ubongo unazoea. Za baadaye zinaonyesha wima.

Na kamwe usilenge jua. Darubini hii inakuza mara 28, na jicho haliuzwi dukani.

Kusoma pembe

Lenga karibu na shabaha kwa mkono, funga skrubu ya kufungia bila nguvu, kisha maliza kwa skrubu ya kusogeza polepole, ukimalizia siku zote kwa kuizungusha kwenda ndani ili springi iwe imekazwa.

Tazama kwenye tundu la kusomea. Utaona mistari ya juu na mistari ya chini isiyokutana. Zungusha nobu ya mikromita polepole mpaka mistari ya juu na ya chini iwe mstari mmoja. Hiyo ndiyo ile "kuzunguka upande wa pili" niliyoieleza, imefanywa kwa vidole viwili.

Kwenye T2 ya zamani utaona namba zilizosimama na namba zilizopinduka. Tafuta namba iliyosimama, tuseme 73, na kulia kwake iliyopinduka inayotofautiana nayo kwa 180, yaani 253. Hesabu nafasi kati ya mistari yao. Zikiwa 4, ni dakika 40, kwa sababu kila nafasi ni dakika 10. Kisha soma mikromita: dakika 6 sekunde 28. Jibu ni 73°46'28".

Kwenye T2 mpya zaidi umepunguziwa hesabu. Dirisha la juu ni la kukutanisha mistari tu. La kati linakupa digrii, na alama inayoonyesha makumi ya dakika. La chini ni mikromita. Ukiona 131, alama iko kwenye 3, mikromita inasema 7'51", andika 131°37'51".

Kutanisha mistari mara mbili, usome mara mbili. Masomo yakitofautiana kwa zaidi ya sekunde 2 au 3, tatizo ni mkono au jicho, pumzika.

Kuigeuza: moyo wa kazi

Kila shabaha ipime mara mbili. Mara ya kwanza duara wima likiwa kushoto kwako, wapima huita uso wa kushoto. Kisha pindua darubini, zungusha mashine nusu mzunguko, lenga tena, soma uso wa kulia. Masomo mawili ya pembe mlalo yapishane digrii 180 kamili. Hayatapishana hivyo kamwe.

Chukua mfano kutoka daftari langu. Kushoto 64°18'22". Kulia 244°18'58". Ukitoa 180 kwenye la kulia unabaki na 64°18'58", tofauti ni sekunde 36. Nusu yake, sekunde 18, ndiyo kosa la mstari wa kuona: msalaba hauko sawasawa na mhimili wa darubini. Wastani, 64°18'40", hauna kosa hilo kabisa.

Utashawishika kuchukua kijipini na kuzungusha skrubu za msalaba ili tofauti iwe sifuri. Subiri. Pima shabaha nyingine nne za mbali, zilizo usawa wa jicho. Sekunde 36 zikijirudia karibu vile vile kwenye zote, mashine yako ni nzima na tabia yake unaijua. Zikirukaruka, mara 36, mara 5, mara 60, kuna kitu kimelegea, na hapo hata kurekebisha hakukusaidii. Mimi naangalia zaidi kama kosa limetulia kuliko kama ni dogo. Yangu haijaguswa skrubu hizo tangu niinunue.

Pembe wima inahesabiwa kutoka utosini, juu kabisa, kuja chini, hivyo upeo wa macho ni karibu na 90°. Kwenye mashine za zamani kuna pimamaji ya pili kwa ajili ya duara hili. Unaona nusu mbili za kiputo kwenye kioo kidogo, na lazima uzikutanishe kila mara kabla ya kusoma. Za baadaye zinajisawazisha zenyewe. Jumla ya uso wa kushoto na wa kulia iwe 360°. Kushoto 87°42'10", kulia 272°18'14", jumla 360°00'24". Ziada ni sekunde 24, nusu yake 12. Toa 12 kwenye la kushoto: 87°41'58".

Duru moja ni kuanza na shabaha ya kwanza uso wa kushoto, kwenda shabaha zote kwa mfuatano, kurudi ya kwanza kuhakikisha hakuna kilichosogea, kisha kugeuza na kurudi nyuma. Ukitaka duru nne, sogeza duara mlalo kila duru, uanze karibu na 0°, 45°, 90° na 135°, ili makosa madogo ya uchoraji wa alama yasambae.

Andika kwa kalamu ya wino kile ulichokiona, si kile unachodhani ulipaswa kukiona. Ukikosea piga mstari mmoja, andika juu yake. Daftari lililofutwa kwa raba halitakusaidia jioni.

Jaribio la nyumbani: pembetatu

Piga vigingi vitatu uwanjani, mita 60 hadi 100 kutoka kimoja hadi kingine. Pima pembe ya ndani kila kigingi, nyuso zote mbili. Jumlisha. Mara ya mwisho nilipata 58°14'09", 67°40'31" na 54°05'12". Jumla 179°59'52", imepungua sekunde 8. Kwa timazi ya kamba na vigingi vya mti, nimeridhika. Ukipata pungufu ya dakika nzima usiilaumu mashine kwanza. Rudi kwenye vigingi, uone ulikuwa umelenga msumari au ubavu wa kigingi.

Kazi halisi: urefu wa tangi la maji

Simama umbali unaozidi urefu wa tangi mara mbili au zaidi, ili usitazame juu sana. Pima kwa tepu, ikilala sawasawa hewani, umbali mlalo kutoka kwenye mashine hadi kwenye mguu ulio chini ya ukingo unaoulenga. Wangu ulikuwa mita 48.60. Lenga ukingo wa juu, nyuso zote mbili: wastani 71°36'20". Lenga chini ya mguu: 91°48'00".

Sehemu iliyo juu ya usawa wa darubini ni 48.60 ukigawanya kwa tanjenti ya 71°36'20", sawa na mita 16.16. Iliyo chini ni 48.60 mara tanjenti ya 1°48'00", sawa na mita 1.53. Tangi lina mita 17.69. Ona kwamba sikuhitaji kimo cha mashine wala ardhi kuwa tambarare.

Kilichonifurahisha ni kuhesabu kosa. Tepu ikikosea sentimita 1, urefu unakosewa karibu milimita 4. Pembe ya juu ikikosewa sekunde 10, urefu unakosewa chini ya milimita 3. Yaani tepu ya dukani, iliyolegea kidogo katikati, inaharibu zaidi kuliko kioo cha Uswisi. Kwa milima mambo hugeuka: umbali ni mrefu, na hewa yenyewe hupinda mstari wa kuona. Kimo cha Kilimanjaro tulichokariri shuleni, mita 5,895, kilitokana na upimaji wa 1952, wakati wapima walitegemea pembe za teodolaiti. GPS ya mwaka 1999 ilitoa mita 5,892.55.

Saa za kazi na mahali pa kulala

Fanya kazi asubuhi mapema au baada ya alasiri. Saa sita mchana hewa juu ya ardhi inacheza kama juu ya jiko la mkaa, na shabaha iliyo mita 300 inaogelea. Mtu mmoja ashike mwavuli juu ya mashine. Jua likipiga upande mmoja wa kitako kiputo kitahama mbele ya macho yako, nawe utadhani stendi inazama.

Mvua ikikushika, funika upesi, lakini usiilaze mashine ikiwa imelowa ndani ya kopo lililofungwa. Ifute, iache wazi ndani ya chumba kikavu usiku kucha. Kwa kuitunza weka pakiti za silika jeli ndani ya kopo, uzibadilishe zinapochoka. Huku Pwani miezi mitatu ya uzembe inatosha kuotesha ukungu. Kabla ya kufunika, elekeza darubini juu, skrubu za kitakoni ziwe katikati ya safari yake, skrubu za kufungia zikazwe kidogo tu, ili mashine ikigongwa iteleze badala ya kuvunjika.

Kila baada ya miezi kadhaa, hata kama huna kazi, itoe, isimamishe, lenga kitu kimoja cha mbali nyuso zote mbili, uandike tofauti na tarehe. Mimi nalenga ncha ya mnara wa simu unaoonekana kutoka uani kwangu. Ukurasa wa kwanza wa daftari unasema 36. Wa wiki iliyopita unasema 34.